Simu Iliyofungiwa Drooni

Haya niliambiwa na Inspekta mwenyewe, msimu wa mvua uliopita, kwenye benchi la kliniki ya presha. Alikuwa ameshastaafu. Foleni ilikuwa ndefu, yeye hakuwa na wa kumsindikiza, wala mimi, basi tukasogeleana. Nayaandika kama alivyoyasema.

Jumatatu moja asubuhi aliitwa kwenye ofisi ya Muungano wa Vyama vya Wagonjwa. Vyama vyote vya wagonjwa nchini, wa figo, wa kisukari, wa kifafa, wa macho, viko chini ya mwavuli huo, na kazi yake ni kutetea haki zao. Ukutani palikuwa na bango kubwa: MGONJWA, UNA HAKI YA KUSIKILIZWA. PIGA NAMBA HII. Bango hilohilo limebandikwa kila hospitali.

Simu ya namba hiyo ndiyo iliyoibiwa.

Droo ilikuwa wazi. Ndani mlibaki chaja tu, waya umejikunja kama mjusi aliyekufa.

"Simu ya aina gani?" Inspekta alimuuliza Katibu wa Muungano, bwana mmoja wa tai na suruali iliyopigwa pasi ikasimama.

"Ya vitufe, ya zamani. Yenyewe si kitu, Inspekta. Namba ndiyo mali. Nchi nzima inaijua."

"Uliiona lini mara ya mwisho?"

"Ijumaa jioni. Niliifungia kwa mkono wangu."

"Kwa nini mnaifungia?"

"Wikendi ofisi haifanyi kazi."

"Na magonjwa nayo hupumzika wikendi?"

Katibu alishika tai yake. "Hilo liko kwenye ajenda. Kikao kijacho."

Askari wa alama za vidole alinyunyiza unga wake. Vidole vilijaa, vimepandana, havisomeki. Kufuli haikuvunjwa.

"Ufunguo unakaa wapi?"

"Kwangu."

Mlinzi aliyesimama mlangoni akakohoa.

"Sema, mlinzi."

"Unakaa ndani ya ile chupa mbovu ya chai, afande."

"Nani mwingine anajua?"

"Ijumaa walikuja kikaoni wawakilishi wa vyama vyote. Labda uulize nani hajui."

Inspekta alikuwa bado anaandika maelezo pale mwanamume mwembamba mwenye mkongojo alipobisha hodi. Alisema amekuja kumshukuru yule dada wa simu.

"Dada yupi?" Katibu aliuliza.

"Aliyenipokea jana."

"Jana Jumapili. Hapa hapakuwa na mtu."

"Ndugu yangu, nimeongea naye mpaka chai ikapoa. Aliniambia nimwombe daktari anieleze dawa zangu kwa lugha ninayoielewa, ni haki yangu, nisione haya. Leo asubuhi nimemwomba. Akaketi, akanieleza."

Katibu alimtazama Inspekta. Inspekta akatoka nje, akasimama kwenye korido, akapiga ile namba.

Iliita mara moja tu.

"Muungano wa Wagonjwa, nakusikiliza."

Sauti ya mwanamke, si msichana. Inspekta alikuwa ameshatunga ugonjwa wa uongo, lakini haukutoka. Aliniambia hivi: nyumbani kwake, tangu mkewe aende zake, waliokuwa wakimpigia ni kituo tu, na wote walianza na neno "njoo". Hakuna aliyeanza na "nakusikiliza".

"Uko hapo, baba?" sauti ikasema. "Hakuna haraka. Kama wewe huna, hata mimi sina."

Akakata. Kisha akarudi ndani, akachukua ile chaja.

"Hii mbona mwizi hakuichukua?"

"Nani aitake?" Katibu alisema. "Ina pini nene. Siku hizi hata kwa mafundi huzipati."

"Betri ya simu ikoje?"

"Imechoka. Bila kuichomeka haimalizi siku."

"Imetoka hapa Ijumaa, na sasa hivi inapokelewa. Basi mwizi anayo chaja kama hii. Nani kati ya watu wenu ana simu ya aina hii?"

"Hakuna. Zimepitwa na wakati."

Mlinzi akakohoa tena.

"Hicho kikohozi chako nenda nacho hospitali," Katibu alimwambia.

"Mwache," alisema Inspekta. "Nani?"

"Mama Selimundu, afande. Yule wa chama cha wazazi wenye watoto wa selimundu, ugonjwa wa damu ule wa maumivu ya mifupa. Simu si yake, ni ya marehemu mwanawe. Huiweka mezani kikao chote. Haijawahi kuita. Nilimuuliza, mama, simu isiyoita unaichaji ya nini? Akasema, isizimike."

Nyumba ya Mama Selimundu ilikuwa chumba na sebule. Viti viwili, kimoja kimetundikwa sweta la kijana mgongoni. Mezani simu mbili zilizofanana kama pacha. Mama aliona sare, akavuta kiti kisicho na sweta.

"Karibu, kaka. Ni wewe uliyepiga asubuhi ukanyamaza?"

Inspekta alifungua daftari. "Mama, hulazimiki kusema lolote. Utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani."

"Andika. Nimeichukua mimi. Ijumaa, wenzangu walipokuwa wanagombania viatu vya mvua mlangoni."

"Kwa nini?"

Alinyoosha sweta mabegani mwa kiti.

"Mwanangu alishikwa na maumivu siku ya Jumamosi. Akajikokota hadi hospitali. Wakamwambia anajifanya, anataka dawa za kulewesha, akae benchi. Juu ya benchi lilikuwa bango letu. Akapiga. Akapiga tena. Simu ilikuwa drooni."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mkutanoni. Muungano ulitupeleka mji mwingine kujadili haki za mgonjwa. Walituambia tuzime simu tusisumbue. Bango nililibandika mimi, kaka. Kwa gundi yangu."

"Hukuwaambia?"

"Kila kikao. Kila kikao ni ajenda ya kikao kijacho. Nifunge, sikatai. Ila simu isirudi kule drooni. Hilo tu."

Moja ya zile simu ikaita. Alimtazama Inspekta. Inspekta akainamisha kichwa kukubali.

"Muungano wa Wagonjwa, nakusikiliza."

Alikuwa mzee wodini, sauti yake ikisikika mpaka kwa Inspekta. Ni saa ya kuona wagonjwa, alisema, vitanda vyote vina wageni, chake hakina. Hana shida nyingine. Angeweza kushika simu sikioni, ili na yeye aonekane ana mtu?

"Shika, baba. Wenzio wameletewa nini?"

Mzee akataja matunda ya kitanda cha kulia, akamsengenya mgeni wa kushoto kwa vicheko vyake vya kinafiki. Maneno yakawa machache. Kisha ukaja mkoromo.

"Kata basi," Inspekta alinong'ona.

"Bado. Akizinduka akute mtu."

Walikaa hivyo, simu mezani katikati yao. Mkoromo wa mzee ukaendelea, na kichwa cha Mama Selimundu kikainama taratibu hadi kwenye sweta. Tangu Ijumaa alikuwa hajalala. Inspekta alichukua simu ile bila kuikata, chaja ya mama akaiacha mezani, akarudishia mlango polepole.

Jioni Katibu alimpigia. "Nasikia imepatikana. Nitume gari?"

"Ni kielelezo. Itabaki mikononi mwangu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mniambie nani atapokea Jumamosi. Na kabla hujaamua kumshtaki mama yule, fikiri mahakamani ataulizwa nini, na wewe utaulizwa nini."

Katibu alisema ataitisha kikao.

"Kijacho?"

"Kesho," alisema Katibu kwa sauti ndogo.

Inspekta alizoea kusinzia kwenye kiti, redio ikiongea peke yake. Siku ile aliizima. Alitandika kitanda, akachomeka ile chaja ya pini nene aliyotoka nayo ofisini, akaiweka simu kwenye mto wa upande uliokuwa mtupu, mlio juu kabisa. Akalala.