Mlamba Filamu wa Broken Hill

Mwenye kubisha asubiri nimalize. Waliobisha mapema niliwaona wakinawa midomo kwa sabuni.

Mambo yalianza na njegere. Noreen Tregenza alitoa mfuko kwenye friza apikie nyama ya kondoo, akakuta kila punje imelowa ute mzito, mweupe, unaovutika kama bamia iliyochacha. Na mfuko haukuwa umefunguliwa.

"Clive, friza yako inatapika," alimwambia mumewe.

"Umeme ulikatika, mke wangu."

"Umeme haulambi njegere."

Friza ilikuwa ya Clive kweli. Nyama na njegere zilipewa kona tu. Kwingine kote zilijaa filamu za slaidi za rangi, zile zilizoacha kutengenezwa, hata dawa za kuzisafishia zikaachwa na maabara ya mwisho ikafunga mlango. Kwa joto la Broken Hill, mji wa migodi katika jangwa la Australia, filamu isiyogandishwa huharibika kama samaki. Clive alikuwa amestaafu mgodini, na filamu hizo alizitunza kuliko meno yake.

"Umehifadhi maiti unangoja kiyama," Noreen alizoea kumtania. "Wenzako wanapiga picha kwa simu."

"Simu ikipiga udongo wetu mwekundu, unatoka kama mchuzi wa jana."

Kitu ambacho Noreen hakukijua ni hiki. Clive alikuwa amenunua mnadani kopo kubwa la filamu ya namna ile, mali ya mpiga picha aliyekufa bila ndugu. Akajifungia stoo, akaziba kila tundu la mwanga, akaanza kuikata na kuivingirisha katika vikopo vidogo. Gizani jicho halina kazi. Wapiga picha wa zamani huujua upande wenye utando wa rangi kwa kuugusisha mdomoni. Unaonata ndio wenyewe. Clive akalowesha mdomo, akagusisha. Ikanata. Alipotaka kuibandua, kitu chenye joto, kinachokwaruza kama ulimi wa ng'ombe, kikamlamba mdomo kutoka pembe hadi pembe, polepole, kama mpishi anayeonja chumvi.

Alipiga mswaki mpaka fizi zikatoka damu. Kisha akarudi kumaliza kazi, kwa sababu filamu ile haipatikani tena.

Baada ya njegere, Noreen akapoteza ladha. Chai ikawa maji, nyama ikawa kitambaa. Halafu pembe za midomo yake zikaanza kugandamana. Kila asubuhi azibandue kwa maji ya moto, na kila asubuhi pabaki padogo zaidi, panatoka usaha wenye harufu ya supu ya mifupa iliyolala. Daktari alimpa mafuta ya kupaka. Mdomo uliendelea kujifumba.

Ndipo Clive, kwa huzuni tu, akawasha mashine ya slaidi, ile ya kumulika picha ukutani, amtazame mkewe alivyokuwa zamani, ile picha ya fungate kule ziwani Menindee, Noreen kwenye gauni la manjano. Lakini pale penye mdomo palikuwa na tundu jeupe ukutani, kingo zake zimelowa, na alipovuta slaidi nyingine, na nyingine, kila Noreen alikuwa hana mdomo, na ndani ya sanduku la slaidi mle alimolaza ujana wao wote akasikia lap, lap, lap, kama mbwa aliyekuta sufuria.

"Noreen," alinong'ona. "Njoo. Usipige kelele."

Alimweleza yote.

"Ulibusiana na kitu stoo," alisema kupitia kitundu kilichobaki, "halafu ukaja kunibusu mimi?"

Wakamwita Mama Gul. Babu wa babu yake alikuja jangwani humu na wachunga ngamia wa Afghanistan, na dua za wazee wale alikuwa nazo yeye. Alinusa friza, akatema mate pembeni.

"Utando wa filamu hupatikana kwa kuchemsha nini?"

"Mifupa na ngozi za ng'ombe," Clive akajibu.

"Na mifupa chakula cha nani? Cha majini, bwana wee. Miaka yote unamwekea mtu akiba, halafu ukakaa ukala naye sahani moja. Mgeni gani ataondoka na mwenyeji hajaondoa vyombo?"

"Nitaviondoaje?"

"Jua la mchana. Fungua kila kikopo. Zilizokwisha kuwa picha, choma. Zote. Ukibakisha moja umemwachia tonge."

Clive akautazama mdomo wa mkewe, ambao sasa haukupitisha hata kijiko. Akabeba.

Saa sita, uani, Mama Gul akisoma dua, Clive akazivuta filamu kutoka vikoponi moja moja, akaziua kwa mwanga huku analia kama aliyefiwa, na kila kikopo kilitoa cha kwake, hiki ute, hiki nywele, hiki jino lenye nyama bado kwenye mzizi, mpaka akatapika juu ya viatu vyake na kuendelea kuvuta, na cha mwisho kilipofunguka friza tupu ikatikisika, ikacheua cheuo kirefu cha aliyeshiba, chenye uvundo wa machinjio, na kimbunga cha vumbi kikaruka uzio kuelekea jangwani.

Midomo ya Noreen ikaachana. Akaomba chai.

"Umezidisha sukari, mzee," alisema. Clive akakaa chini palepale akafuta macho.

Jioni wakachoma slaidi kwenye pipa. Ilipobaki ya Menindee, Noreen akamshika mkono.

"Hii hapana."

"Mama Gul amesema zote."

"Mama Gul hana picha nyingine yangu nikiwa na kiuno hiki. Nilikuwa nawacheka wapenda filamu, Clive. Lakini angalia hilo gauni. Simu ingeyapata wapi manjano hayo?"

Akaiinua kwenye mwanga. Mdomo ulikuwa umerudi, mwekundu, mzima. Na mtu aliyezika kila kitu mchana mmoja alipata wapi nguvu za kubishana?

Wakaiweka kwenye mashine, wakakaa bega kwa bega. Manjano yakajaa ukutani. Kisha ule mdomo mwekundu ukafunguka kidogo, ukaanza kutafuna.

Clive akang'oa waya. Picha ikazimika. Kutafuna hakukukoma, kulikuwa kwenye kiti cha pembeni yake.

"Noreen," alinong'ona, "unakula nini?"

Noreen alimeza kwanza.

"Sijui," alisema. "Lakini kina ladha."