Leo Utani Upo

Mume wangu Sharif alikuwa mchoraji wa mabango. Kama unapita katikati ya jiji la Nairobi, huenda umesoma kazi yake bila kujua. Aliandika majina ya mabucha, ya vinyozi na ya vioski. Kwanza alipiga mistari kwa chaki. Kisha alisimama kando, akainamisha kichwa, akatazama. Ndipo akachovya brashi. Wenye maduka walimlalamikia kwamba anachelewa. Yeye aliwaambia haraka haraka haina baraka, akaendelea kutazama.

Jioni alirudi nyumbani kwetu mtaa wa Woodley na rangi kwenye kucha. Mimi Mahira nilikuwa jikoni nakaanga mahamri. Binti yetu Nisreen, wa miaka kumi, alikuwa mezani na vitabu vyake. Sharif alikula mahamri manne, siku nyingine matano, huku akitutania sote wawili. Ilikuwa nyumba ya kelele. Nakwambia mapema ili ujue kwamba kimya kilichokuja baadaye hatukukizoea.

Ilianza kwa hamri moja. Lilikwama kooni. Sharif alikunywa maji, akasema, "Mahira, leo umenikaangia mawe?" Tukacheka. Wiki iliyofuata nyama ilikwama. Kisha wali. Tulichemsha tangawizi, tukanywa asali, tukangoja miezi mitatu. Wewe usifanye kama sisi. Chakula kikikwama kooni wiki mbili mfululizo, nenda hospitali.

Tulipokwenda, daktari alituambia ni saratani ya koo la chakula, na imekwisha kuenea. Matibabu yangempunguzia shida, lakini yasingeuondoa ugonjwa. Sharif alisema, "Alhamdulillah." Mimi nilikaa chini sakafuni kwenye ukumbi wa hospitali mbele za watu.

Tuliporudi nyumbani nikaweka sheria. Kwenye nyumba ya mgonjwa hakuchekwi. Nilizima redio. Nilimwambia Nisreen atembee polepole na aongee kwa sauti ya chini. Wageni waliokuja walikaa na sura za msiba, wakanong'ona, wakaenda zao. Nilidhani hiyo ndiyo heshima.

Kisha akaja Musab. Musab ni fundi wa saa mjini, na ni binamu yake Sharif, mtoto wa shangazi yake. Kwetu pwani mabinamu ni watani. Mtani ana ruhusa ya kukutania hata ukiwa kitandani, hata ukiwa msibani, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Sasa Sharif ni mrefu kama nguzo ya stima. Musab ni mfupi, tena mnene. Alisimama mlangoni na mfuko wa machungwa, akasema kwa sauti kubwa:

"Hodi shemeji. Nimekuja kupima kanzu za Sharif. Nasikia mwenyewe zinampwaya sasa."

Damu ilinipanda kichwani.

"Toka," nilimwambia. "Mwenzio anaumwa, wewe wamrithi angali hai? Huna haya wewe. Usirudi hapa."

Musab alinitazama kinywa wazi. Aliyaweka machungwa chini, akaondoka. Sharif alikuwa chumbani na alisikia yote. Nilipoingia kwake alikuwa ameugeukia ukuta.

Alibaki vile wiki tatu. Alikunywa uji kidogo, akasali kwa kukaa, akaugeukia ukuta tena. Ukimwuliza hali, jibu lilikuwa lile lile: "Alhamdulillah." Siku moja Nisreen alinifuata jikoni.

"Mama, Baba amenikasirikia?"

"Hapana mwanangu."

"Basi mbona hanitanii tena?"

Nilimtuma dukani akanunue sukari. Niliogopa kitu kimoja usiku na mchana: kwamba Sharif atakufa vile vile, uso ukutani, hajatuambia neno na sisi hatujamwambia. Na kosa lilikuwa langu, ila bado sikulijua.

Mwezi huo hospitali ilitutumia muuguzi, Sista Nanjala. Kazi yake ni kuwatembelea nyumbani watu wenye magonjwa mazito. Ni mama wa makamo, mtu wa Bungoma, na huingia na viatu mkononi hata ukimwambia asivue. Alivuta kiti karibu na kitanda.

"Mzee Sharif, uchungu iko aje leo?"

"Alhamdulillah."

"Usiku unalala?"

"Alhamdulillah."

Sista Nanjala alinigeukia. "Mama Nisreen, amekuwa akijibu hivi kila siku?"

"Kila siku," nilisema. "Kwetu mgonjwa halalamiki. Ni subira."

"Subira ni nzuri sana. Lakini mimi siwezi kupima dawa kwa subira. Nikikosa kujua uchungu iko wapi na ni kiasi gani, nitaandika nini hapa?"

Aliangalia chumba. Kwenye dirisha palikuwa na kopo la brashi za Sharif, zimekauka. Alitoa karatasi kwenye mkoba wake, akachora mistari miwili iliyokatana, ikawa visanduku vinne.

"Mzee, usiniambie. Nichoree kama katuni ya gazeti. Huyu ugonjwa ni mtu wa aina gani?"

Sharif aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu.

"Mistari yako imepinda," alisema kwa sauti yake iliyokauka.

Yalikuwa maneno ya kwanza tofauti kwa wiki tatu. Aliipindua karatasi, akaomba rula ya Nisreen, akapiga mistari yake mwenyewe. Nisreen alipanda kitandani kando yake bila kuuliza ruhusa.

Katika kisanduku cha kwanza alichora geti kubwa, kama yale ya magorofa ya matajiri kule Kileleshwa, alikokuwa akienda kuchora na kusimamishwa nje kila mara. Pale getini alisimama soja, mlinzi mwenye kofia kubwa na rungu. Kisanduku cha pili, hamri limefika getini na kitambulisho mkononi. Soja analiambia, "Andika jina. Unaenda kwa nani?" Cha tatu, hamri linajibu, "Naenda kwa Tumbo." Soja anasema, "Tumbo hajanipigia simu. Rudi." Cha nne, uji unapita kimya kimya chini ya geti, na soja yuko bize kusoma gazeti.

Kicheko kilinitoka kabla sijakizuia. Nikaziba mdomo kwa leso yangu, nikaogopa. Nilimtazama Sharif. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Alikuwa anacheka bila sauti, na machozi yanamtoka. Nikaenda nikamshika, tukalia pamoja, Nisreen katikati yetu.

Sista Nanjala alingoja tumalize. Kisha akauliza, "Na usiku, huyu soja anafanya nini?"

Sharif alichora tena. Soja amewasha jiko la makaa mgongoni mwa mtu aliyelala.

"Hiyo jiko ina moto ngapi? Sufuri ni jiko imezima. Kumi ni moto huwezi kuvumilia."

Sharif aliandika nane.

Nane. Nililala kando ya mtu huyu kila siku na sikujua. Nilijisikia vibaya mno.

Sista alimpigia daktari simu pale pale, na siku hiyo hiyo Sharif akaandikiwa dawa ya maji ya maumivu makali. Nilipoileta, Sista aliniketisha jikoni akanifundisha.

"Dawa hii unampa kwa saa, jinsi tumekuandikia, mchana na usiku. Usingoje mpaka uchungu irudi. Usipunguze, usiongeze bila kutuuliza. Inafunga choo, kwa hivyo hii nyingine ni ya kulainisha. Akilala mpaka kumwamsha ni shida, nipigie simu mara moja."

"Wanasema ukipewa hiyo ndiyo mwisho," nilisema.

"Wanasema uongo. Ni dawa ya uchungu. Watu wengi wanaitumia na wanaendelea na kazi zao."

Nikamwuliza lililokuwa linanisumbua. "Sista, kucheka mbele ya mgonjwa si dharau?"

"Inategemea nani ameanza," alisema. "Sikia, kicheko haitibu saratani. Mtu akikuambia inatibu, anakudanganya. Clinic yake aendelee, dawa zake aendelee. Lakini mgonjwa bado ni mtu. Huyu alikuwa mtu wa mzaha, ugonjwa ukachukua chakula yake, ukachukua sauti. Na nyinyi mkachukua mzaha. Sasa amebaki na nini? Mwache yeye aongoze. Mnacheka na yeye, hamumcheki yeye. Alikuwa na mtu wa kumchekesha?"

Aibu ilinijaa. Asubuhi yake nilimpigia Musab.

"Shemeji, nilikosea. Rudi."

Akauliza, "Nirudi na mdomo, ama nirudi bila mdomo?"

"Rudi nao."

Musab alirudi. Alipofika tu chumbani, Sharif alimkabidhi karatasi. Alikuwa amemchora Musab ndani ya kanzu inayoburuta barabarani, na mbuzi wawili wamepanda juu ya pindo. Musab alisema mbuzi wale ni jamaa zake Sharif, awaite kwa majina. Nilisikia kelele nyumbani mwangu, nikaenda kubandika maji ya uji nikilia.

Lakini mimi ni mtu wa kuzidisha mambo. Niliona kicheko kimefaa, nikataka kukimimina kwa upawa. Nilimletea vichekesho kwenye simu asubuhi na jioni. Nilimwita jirani mwenye maneno mengi. Siku aliporudi kutoka hospitali kwenye matibabu ya mionzi, amechoka hata hawezi kufungua macho, nikaanza kumtania. Alitupa penseli ukutani.

"Mahira, leo niache," alisema. "Leo nataka kuwa mgonjwa."

Niliumia, lakini alikuwa na haki. Siku ya pili aliomba brashi na ubao mdogo. Alipiga mistari kwa chaki, akainamisha kichwa, akatazama, kama alivyofanya siku zote. Alipumzika mara tatu. Upande mmoja aliandika kwa rangi ya kijani: LEO UTANI UPO. Upande wa pili kwa nyekundu: LEO UTANI UMEFUNGWA. Tukautundika kwenye mlango wa chumba. Kila asubuhi alituambia tugeuze upande upi. Ukiwa mwekundu tulikaa naye kimya, nikamsugua miguu. Hakuna aliyeuliza sababu.

Nisreen alikuwa na daftari lake. Yeye na babake walichora kwa zamu, huyu kisanduku, yule kisanduku. Siku moja ubao ulikuwa wa kijani. Nisreen alimchora soja ameshika kitabu cha wageni cha getini, kile cha kuandika jina na saa za kuingia na kutoka. Kisha akajichora mwenyewe, mdogo, anamwuliza soja: "Baba yangu anatoka saa ngapi?"

Alimpa babake daftari, akainama. Nilitaka kumnyang'anya. Sista Nanjala alikuwa ametuambia, mtoto akiuliza, ajibiwe ukweli kwa maneno mepesi. Nikaizuia mikono yangu.

Sharif alichora ukurasa wa kile kitabu. Aliandika jina lake. Saa ya kuingia, akaandika mwaka aliozaliwa. Saa ya kutoka, akaandika: "Mwenye nyumba ndiye ajuaye." Chini yake akachora mtu mrefu amemshika msichana mkono, wamesimama ndani ya geti, na soja pembeni.

"Kwa hivyo utakufa, Baba?"

"Ndiyo, mama. Sijui lini. Leo niko."

Alimlaza kifuani. Walilia kwa muda mrefu, na mimi mlangoni nikalia. Kisha Nisreen akainua kichwa, akasema, "Soja umemsahau masikio." Sharif akachukua penseli akamchorea masikio makubwa.

Tulipata miezi mitano ya namna hiyo. Maumivu yalishuka mpaka tatu, siku nyingine mbili. Sharif aliomba msamaha kwa aliowakosea, aliagiza azikwe wapi, alinieleza mambo ambayo kwa miaka kumi na mbili hakuwa amenieleza. Siku za mwisho ubao ulikaa upande mwekundu. Alifariki Alhamisi alasiri, uso wake ukiwa upande wetu. Nisreen alikuwa amemshika kidole.

Siku ya tatu, baada ya hitima, watu walianza kutawanyika. Nilikuwa katika eda ya kufiwa na mume, nimekaa chumbani nyuma ya pazia. Nikasikia hodi ya chini sana. Nilichungulia pembeni ya pazia. Musab alikuwa amesimama mlangoni, mahali pale pale, na mfuko wa machungwa. Watu walimtazama, wakangoja. Mtani akija msibani hutegemewa aseme neno. Musab alifungua mdomo, hakuna kilichotoka.

Nilikumbuka siku niliyomfukuza.

"Shemeji," nilisema kutoka nyuma ya pazia. "Umekuja kupima kanzu?"

Watu waligeuka kutazama pazia. Kisha nikamsikia Musab analia kwa sauti, analia na kucheka kwa pamoja.

"Nimekuja, shemeji," alisema. "Mwenyewe alikuwa amechelewesha kazi, kama kawaida yake."

Nilimpa Nisreen kanzu moja nyeupe ya babake ampelekee. Musab aliivaa juu ya nguo zake pale pale sebuleni. Ilimbana tumboni, na chini ilimzidi kwa shubiri mbili. Nisreen alipiga magoti akalishika pindo, akasema anawatafuta wale mbuzi. Wazee walicheka huku wakifuta macho.

Kisha mwanangu aliinuka, akaja mlangoni kwangu, akaugeuza ubao upande wa kijani.