Mwito wa Tatu

Wanaosema majini hutoka usiku tu hawajawahi kukaa na fundi cherehani. Huyu alikuja saa nne asubuhi, jua limewaka, redio ya jirani inapiga kelele, na fundi mwenyewe yuko katikati ya kutia zipu gauni la bibi harusi.

"Kitinda."

Mguu wa fundi ukasimama juu ya kanyagio.

"Kitinda."

Kisha kimya. Sauti ilitoka nyuma, upande wa bafuni, ikaja na harufu ya sabuni ya mche na saruji iliyolowa, ingawa hakuna aliyeoga humo tangu alfajiri. Fundi aliweka mikono mapajani, akangoja. Msidhani ulikuwa ujasiri. Alingoja kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

Duniani alikuwapo mtu mmoja tu aliyemwita Kitinda, mtoto wa mwisho, naye ni mama yake. Na mama yake alizikwa miaka thelathini na mbili iliyopita.

Baba yake fundi alikuwa mwalimu wa dini, na hata waliomzidi umri walimwita Mwalimu. Nyumbani kwake kila kitu kilikuwa na sheria. Usicheke meno yakaonekana. Usiimbe. Usijitazame kwenye kioo mara mbili. Na kubwa kuliko zote: ukiitwa, usiitike mpaka uitwe mara tatu, kwani jini huita mara mbili tu. Aliyeitika mapema alichapwa, ndipo watoto wa nyumba ile wakakua wakihesabu miito kwa vidole. Sasa fundi ana miaka arobaini na mbili, na akicheka bado hufunika mdomo kwa kiganja. Wateja humwuliza, "Fundi, ungekuwa wewe ungechagua rangi gani?" naye hujibu, "Yoyote." Watu hudhani ni adabu ya kazi. Masikini, fundi hajui anachokipenda. Hakuna aliyewahi kumwuliza apendacho alipokuwa mdogo, na alipokuwa mkubwa akaona haya kujiuliza mwenyewe.

Alikuwa na miaka kumi mama yake alipoteleza bafuni. Mama aliita Kitinda mara mbili. Mtoto akaja mbio mpaka mlangoni, akasimama, vidole viwili vimenyooka, akingoja wa tatu. Alingoja mpaka maji yakaanza kupita chini ya mlango. Baba alipofika na kuona kilichotokea hakumgombeza hata kidogo. Alimwekea mkono kichwani, akasema, "Umefanya vyema, mwanangu. Umeshika sheria."

Jamani, bora angempiga. Kipigo hupoa. Sifa ile ilibaki ndani yake kama mwiba uliovunjikia unyayoni, akatembea nao mpaka akaolewa, mpaka akaachika, mpaka akarudi kumuuguza baba huyo huyo, ambaye sasa amelala chumba cha ndani, upande mmoja wa mwili umekufa.

Fundi alirudi na binti mmoja wa miaka kumi. Majirani walimwita Chiriku kwa jinsi mdomo wake ulivyokuwa haupumziki. Huyo alikuwa akiitika kabla hujamaliza kumwita. Fundi alijaribu kumfundisha sheria ya babu yake, mtoto akamjibu kwamba akingoja wa tatu, mama si atakuwa ameshavua kandambili? Fundi alicheka sana siku hiyo, kiganja mdomoni, na moyoni akamwomba Mungu mtoto huyu abaki hivyo hivyo. Hakuwa na kitu kingine duniani alichokuwa na hakika kwamba anakipenda.

Sauti ikaja siku ya pili, na ya tatu, saa ile ile. Siku ya nne, shule zikiwa zimefungwa, Chiriku alikuwa sakafuni akichambua vifungo. Alinyanyua kichwa.

"Mama, mbona huitikii? Bibi anakuita."

Fundi aliuliza taratibu, kwa sauti ya chini, nani amemwambia kwamba ni bibi. Mtoto akaelekeza kidole bafuni. "Si yule, amekaa chini."

Jioni hiyo fundi alimfuata na kumweleza yote mama mmoja mkunga mstaafu, aliyekuwa akiombea watu wenye mashetani. Yeye mwenyewe hupenda kusema kwamba ujanani aliwapokea waliokuwa wanaingia, uzeeni anawasindikiza wasiotaka kutoka. Mkunga alifika, akakaa mlangoni mwa bafu akinusa hewa ya ndani. Kisha akajiinua, magoti yakilia, akaenda moja kwa moja chumba cha ndani.

"Mwalimu, hiyo sheria ya mara tatu umeitoa kitabu gani?"

"Nilifundishwa na baba yangu."

"Nimekuuliza kitabu."

Jicho la mzee lililo zima likaanza kutoa machozi. "Siku ile na mimi nilimsikia," akasema. "Nilikuwa chumba hiki hiki. Nilikuwa nangoja."

Fundi alikuwa mlangoni, akayasikia yote. Miaka thelathini na mbili alijiona muuaji peke yake. Alitaka kumchukia baba yake, akatafuta chuki mahali pake asiione, akakuta huruma tu, na hiyo ikamuuma zaidi.

Mkunga alimvuta uani, akamnong'oneza. "Huyu hafukuzwi kwa dua yangu. Anataka kuitikiwa, basi, na wewe ndiye uliyeitwa. Kesho mwitike wa kwanza. Usipoitika wewe ataitika mwingine, na atakayeitika ndiye atakayekaa naye. Umenielewa, mwanangu?"

Alielewa. Usiku kucha alijizoeza gizani, abee, abee mama, neno ambalo mtoto wa miaka miwili hulisema bila kufunzwa. Asubuhi alimpeleka Chiriku nyumba ya tatu, akamwonya asirudi mpaka adhuhuri.

Saa nne ikafika, na harufu ya sabuni ikaja kabla ya sauti, ikajaza chumba mpaka kwenye vitambaa, na fundi akasimama, akafungua mdomo, na sauti ikasema Kitinda, karibu sana sasa, sauti ya mtu aliyeumia anayejikaza asimtishe mtoto, na neno likapanda kooni likakwama hapo, kwa sababu mkono wake wa kulia, bila yeye kuuamuru, ulikuwa umeshanyoosha kidole kimoja, na sauti ikasema tena Kitinda, na kidole cha pili kikanyooka, na mwili wake wote, mwili wa mtoto mtiifu wa Mwalimu, ukangoja wa tatu.

"Abee, bibi! Nakuja!"

Chiriku alikuwa amepitia mlango wa nyuma, amerudi kuchukua kamba yake ya kuruka. Miguu yake ilisikika ikikimbia uani. Mlango wa bafu ukajifunga.

Hapo ndipo fundi alipokimbia. Aliukuta mlango uko wazi tena na sakafu kavu. Mtoto alikuwa anatoka taratibu, nywele zimelowa, maji yakimtiririka shingoni.

"Anauliza mbona ulikuwa unahesabu," alisema.

Tangu siku hiyo bafuni hakuna harufu wala sauti. Mkunga alikuja, akamtazama mtoto usoni, akajifunika mtandio na kwenda zake bila kuaga. Chiriku hapigi kelele tena. Hukunja nguo kwa mikunjo minne, kama zilivyokunjwa zamani nyumbani humo, na akipita mbele ya chumba cha ndani mzee hugeuza uso ukutani. Kila ikifika saa nne mtoto huacha alichokishika, akasema kwa sauti ya mtu mzima, "Kitinda."

Fundi huitika hapo hapo. "Abee, mama," humwambia binti aliyemzaa mwenyewe.

"Kitinda."

"Abee, mama."

Kisha anangoja. Kazi imelala mkononi, vidole viwili vimenyooka. Anaomba kinywa kile kiite mara moja zaidi, na neno liwe jingine, liwe mama tu, kama Chiriku alivyozoea kumwita. Mpaka leo hakijamwita.