Chini ya Sifuri

Kompyuta ilinuka udongo mbichi. Ilikuwa saa nane mchana, jua linapasua mabati, na ofisi nzima ya wapima maji haikuwa na hata ndoo iliyomwagika.

Karani akadhani ni nepi. Akampapasa mwanawe wa miezi mitano aliyelala mgongoni, ndani ya mbeleko. Mkavu.

Kazi yake aliijua kama kiganja chake. Vipimo vya namna ardhi inavyoukataa umeme vikiletwa, yeye huviingiza kwenye programu, nayo hukisia yaliyo chini, maji au mwamba, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka picha ikubaliane na vipimo. Kwanza lakini huiwekea kikomo cha juu na kikomo cha chini, isije ikakisia upuuzi. Leo vipimo vilikuwa vya hapohapo ofisini, walipotaka kuchimba kisima chao. Alipokuwa akiviingiza mtoto alilia, mama akahangaika kumbembeleza, kisanduku cha kikomo cha chini akakiacha kitupu.

"Fundi, njoo," alimwita mchimba visima. "Namba zimeshuka chini ya sifuri."

"Maji yana namba, jiwe lina namba," Fundi alicheka. "Chini ya sifuri hakuna kitu, dada. Labda mmepima jehanamu."

Akainama kwenye kioo. Kicheko kikamkauka mdomoni.

Chini ya sakafu waliyoikanyaga palikuwa na doa jeusi. Mzunguko wa nne lilikuwa kina cha mita sitini. Wa tano, arobaini. Wa sita, ishirini, na sasa lilikuwa na mabega.

"Zima, dada! Zima!"

Alibonyeza, haikuzimika, akachomoa waya ukutani, kioo kikaendelea kuwaka, harufu ikampanda puani kama ya kaburi lililofukuliwa, na mgongoni ule ujoto mdogo aliouzoea ukaanza kupoa, polepole, kutoka miguuni kwenda kifuani, na mtoto halii, hata hasogei, na chini ya vigae sauti nzito ikasema taratibu, "Usiniwekee kikomo, mama. Mwanao ana joto zuri."

 Kisha ikamshika hasira, ile ya kuku mwenye vifaranga.

"Joto hilo nimelibeba mimi miezi tisa," alisema, meno yakigongana. "Wewe ulikuwa wapi? Naogopa, ndiyo, natetemeka, unaniona. Lakini hupiti!"

Kwa vidole vilivyokufa ganzi akaandika kwenye kile kisanduku: moja. Akabonyeza.

Mzunguko wa saba. Doa likapasuka, ikabaki buluu ya maji na wekundu wa mwamba. Mtoto akapiga ukelele uliomtoa mama yake machozi. Lakini chini ya picha programu iliandika: mahali pamoja, vipimo havikubaliani na picha.

"Bado lipo," Fundi alinong'ona. "Tuhame."

"Lihame lenyewe."

Sakafu ikagongwa kutoka chini, mara tatu. Karani akavua kiatu, akainama, akaijibu kwa kuigonga mara nne, moja zaidi.