Mgeni wa Mshonaji

Cherehani ilikuwa inalia mbio chumbani, na mshonaji mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono mitupu, akimtazama afisa ustawi wa jamii aliyekuja kumtembelea.

"Nani anashona chumbani?" afisa aliuliza.

"Hakuna mtu, dada. Karibu."

Walipoingia chumbani mlio ulikatika. Ilikuwa cherehani ya miguu, haina uzi wala kitambaa, na kanyagio lake lilikuwa bado linachezacheza. Chumba kizima kilinuka nywele zilizoungua.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, mzoefu wa nyumba za wagonjwa wa akili. Akajiambia ni panya. Hospitali ilimtuma kwa sababu mshonaji, aliyeruhusiwa kutoka wodini juzijuzi tu, hali yake ilikuwa inarudi nyuma. Hali chakula, halali usingizi. Mumewe, fundi friji, alikuwa ameanza kumfungia mlango kwa nje kila akienda kazini, na mama mkwe alikuwa ameshaulizia mnyororo dukani.

"Si kwa ubaya, mwanangu," mama mkwe alinong'ona jikoni, macho yake yakiwa mlangoni. "Nimemkuta ameweka kidole chini ya sindano. Anasubiri ishuke! Namuuliza unafanya nini, ananijibu kwa sauti ambayo si yake. Nyembamba, kama mtu anayeongea huku anavuta pumzi ndani."

"Na dawa anameza?"

"Mbele yangu anameza. Nikitandika kitanda nazikuta chini ya godoro."

Afisa akarudi chumbani, akakaa mkekani karibu na mshonaji. Hotuba ya faida za dawa alikuwa nayo mdomoni, ameshaitoa katika nyumba nyingi mpaka yeye mwenyewe imemchosha. Akaimeza.

"Mdogo wangu, hiki kinachokusumbua, wewe mwenyewe unakiitaje?"

Mshonaji alimkazia macho. "Kule wodini waliniuliza kama nalala, kama napata choo. Hilo hakuna aliyeniuliza." Akamsogelea sikioni. "Ni jini, dada. Kaniambia nikimeza dawa atahamia kwa mama mkwe wangu. Mama ana presha, hatamweza. Ndiyo maana nazitema. Sikatai kupona. Nataka niombewe kwanza, atoke, halafu dawa nitameza bila kusukumwa na mtu."

Nyuma yao sindano ilishuka mara moja. Tak. Hakuna aliyeigusa.

Ofisini, mkuu wa afisa alikuja juu aliposikia habari ya maombi. "Sisi ni ustawi wa jamii, mama, si watu wa mapepo! Mgonjwa akidhurika mikononi mwa mganga, mzigo huo utaubeba wewe."

"Asipomeza dawa atadhurika vilevile. Na hamezi mpaka aombewe. Kama imani yake ndiyo mlango uliobaki wazi, mimi nipite wapi tena?"

Mkuu akakuna kichwa. "Basi uwepo mwenyewe. Asipigwe, asifungwe, asifukizwe moshi."

Mzee wa dua aliyeletwa na mume aliyakubali masharti yote. "Kumpiga nitampigaje?" alisema. "Mkono wenyewe kuinuka unaomba ruhusa." Mama mkwe akacheka, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja, kama aliyeshtuka kusikia kicheko ndani ya nyumba ile.

Walianza alasiri, dirisha likiwa wazi, watoto wa majirani wakipiga kelele nje. Mzee alisoma kwa sauti ya chini, mume na mama mkwe wakaitikia. Afisa alisimama pembeni, midomo imefumbwa. Tangu mama yake mzazi afie katika wodi ya wagonjwa wa akili, hakuwa amemwomba Mungu kitu chochote. Waliomfahamu walidhani ni kazi tu inayomkosesha muda wa kuomba.

Mshonaji alikuwa ameketi mkekani, ametulia. Kisha kelele za watoto zikakatika ghafla, ingawa kupitia dirishani walionekana bado wakikimbia na kufunua vinywa, na ile harufu ya nywele ikapanda kutoka sakafuni mpaka mume akaanza kukohoa, na cherehani ikaamka, taratibu kwanza, halafu mbio, sindano ikipanda na kushuka bila uzi, na mshonaji akainuka kama aliyevutwa na kamba, akausogeza mkono wake kwenye bamba la chuma chini ya sindano, kidole baada ya kidole, huku kinywa chake kikifunguka na ile sauti nyembamba ikitoka, lakini haikumwelekea mzee, wala mume, ilimwelekea afisa aliyesimama pembeni.

"Mbona wewe huitikii? Mama yako alikuita usiku kucha. Hukuja."

Afisa hakuwahi kumweleza mtu jambo hilo.

"Usimjibu!" mzee alisema kwa ukali. "Mwite mwenye mwili!"

Afisa hakujua alivyofika pale. Alijikuta ameudaka mkono wa mshonaji, kiganja chake kikiwa kimefunika vile vidole, sindano ikimchoma mgongoni mwa kiganja, na kinywa chake kikatamka maombi mafupi ya kitoto ambayo mama yake alimfundisha kabla hajajua kusoma. "Mdogo wangu!" akapayuka kati ya maneno yale. "Nipo hapa. Rudi! Mdogo wangu, rudi!"

Sindano ikavunjika. Kelele za watoto zikaingia tena dirishani.

Mshonaji akavuta pumzi ndefu, akatazama damu mkononi mwa afisa, akaanza kulia. "Nina njaa," alisema, kwa sauti yake mwenyewe.

Mzee alimgeukia mume. "Mgeni katoka. Lakini kaivuruga nyumba, na kuitengeneza si kazi yangu, ni ya hospitali. Dawa asiache, na mlango usimfungie tena."

Haukufungwa tena. Mshonaji alimeza dawa zake, jioni aliomba pamoja na mama mkwe, na hatimaye akaanza kupokea nguo za wateja.

Mvua zilipoanza, mwanamume mmoja dereva wa lori aliletwa ofisini na polisi waliomkuta akizungumza peke yake barabarani. Hakuwa na ndugu. Afisa alifunga mlango, akamsalimia. Dereva akainua kichwa polepole, na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, ya mtu anayevuta pumzi ndani.

"Kule mlinifukuza. Huyu hana mtu wa kumwombea."

Afisa alikuwa ameshashika kitasa akimbie. Lakini juu ya kinywa kile kilichotabasamu, macho ya dereva yalikuwa yanamwaga machozi, yakimtazama.

Akaachia kitasa. Akavuta kiti mpaka magoti yao yakakaribiana, akaikamata mikono ya dereva kwa mikono yake yote miwili.

"Anaye," alisema.