Koti Juu ya Mlimau

Jioni ile nilikwenda kutoa mihogo majini. Ilikuwa imelowa siku tatu kwenye shimo letu, chini ya shamba, hapa Nyakabere. Harufu yake ilikuwa kali, kama inavyotakiwa. Binti yangu Iradukunda alikuwa amelala mgongoni.

Nilikuwa nimeinama niliposikia...

Buti. Ndani ya maji.

— Mama, lete mutoto nimubebe. Umechoka.

Baba peke yake ndiye aliyeniita mama kwa sauti ile. Alikwenda vitani nikiwa mwaka wa nne wa shule. Hakurudi, hata mwili wake. Watu walituambia tuzike mgomba badala yake, kama tunavyofanya kwa aliyepotea, la sivyo atarudi kuchukua mtoto. Mama yangu Generose alikataa. "Siziki muntu sikumuona amekufa."

Sasa mwenye sauti ile alisimama ng'ambo ya shimo. Koti la jeshi, vifungo mpaka shingoni. Uso sikuuona.

— Weye nani? nilinong'ona.

— Miye baba yako. Lete.

Mikono ikanyooka juu ya maji. Ikazidi kunyooka...

Mtoto akaamka. Hakulia.

Alicheka.

Mimi ni mtu wa haya, hata sokoni sibishani. Lakini nilikumbuka kitu. Baba akirudi likizo, hakutugusa na nguo za vita. Alitundika koti juu ya mlimau, amelipindua ndani nje, akanawa, ndipo akatubeba.

— Baba yangu anavua koti kwanza! nikasema. Weye haukuvua. Mutoto sikupi!

Kifungo kimoja kikafunguka. Cha pili...

Ndani ya koti hamkuwa na mtu. Maji tu, yanamwagika.

Nilikimbia. Mihogo niliiacha hapo hapo.

Asubuhi koti lilikuwa juu ya mlimau wetu. Limelowa. Linanuka mihogo.

Limepinduliwa ndani nje.

Shangazi alikuja na jembe na kipande cha mgomba.

— Naomie, tumuzike leo. Atakumalizia mutoto.

— Hapana, shangazi. Kama ni baba, anajua pa kunawia. Kama si baba, anajua nimemukatalia.

Tangu siku hiyo, kila jioni naweka beseni la maji chini ya mlimau. Kila asubuhi nayakuta mekundu.

Leo yalikuwa karibu kuwa safi.

Akimaliza kunawa, atakuja mlangoni. Aje. Atanikuta mimi kwanza.