Friji Iliyomchagua Ndinda

Mwanzo lilikuwa jambo dogo: friji ilimuuma Ndinda kidoleni. Alicheka, akamlaumu mumewe Mwau kwa kununua vitu vya mtumba, akaendelea kupanga chupa za maziwa ya mala. Kesho yake ilimuuma hadi kwenye kiwiko. Mwau akaishika, mama yake, Kanyiva, akaishika, nao haikuwauma.

Kijijini Mbumbuni maneno hayalali. Kabla ya Jumapili ilishasemwa kwamba Ndinda alikuja na jini lake kutoka kwao Kasikeu. Hakuna aliyetazama miguu. Mwau na mama yake walivaa sapatu za mpira ndani ya nyumba. Ndinda, kwa kupenda usafi, alikanyaga simiti kwa nyayo tupu. Friji nayo ikaanza kunguruma mchana kutwa na kutoa harufu ya nywele zilizoungua.

"Ukikataa maombi utarudi kwenu," Kanyiva alimwambia kwa sauti ya chini. "Na mtoto atabaki hapa."

"Nitaombewa, mwaitu," Ndinda akamjibu mama mkwe wake. Kwa ajili ya mtoto angekubali lolote.

Ijumaa alasiri mvua ilipiga mabati. Mama Kathini wa kikundi cha maombi akammwagia maji mikononi na miguuni.

"Shika hiyo friji na mikono mbili," akanong'ona. "Ikikuuma usiachilie, mpaka hiyo jini itoke."

Ndinda akaenda, maji yakimtiririka vidoleni, akisikia ule mngurumo ukipanda kadiri alivyokaribia, nywele za mikono zikimsimama, harufu ikimjaa kooni, na nyuma yake wanawake wakiimba polepole huku mtoto wake akimwita kutoka mgongoni mwa bibi yake, hata ikabaki shubiri moja tu kati ya viganja vyake na mlango ule mweupe.

Friji ikanyamaza. Taa ikazimika.

Mlangoni alisimama Kasyoka, fundi wa stima, na gambuti zake za mpira, mkono ungali kwenye swichi kuu. Mwau hakuwa na ubavu wa kumpinga mama yake, lakini alikuwa amempigia fundi simu kisirisiri. Mwanamume gani huyo Mwau.

Kasyoka alivuta friji kutoka ukutani, akaonyesha waya uliotafunwa na panya.

"Stima inatoka na waya moja, inarudi na ingine. Hii imechubuka, ikaingia kwa mwili ya friji, sasa inatafuta njia ya kushuka chini. Njia yake ni waya ya kijani, inaenda kwa chuma imezikwa huko nje. Hiyo chuma iko wapi?"

Kanyiva akasema, karibu asisikike, "Niliipata kwa kona ya nyumba nikilima. Imezikwa, imefungwa waya. Nikajua ni kamuti, mtu anataka kutumaliza. Nikang'oa."

"Si uchawi, mama. Hiyo ndio ilikuwa inawachunga. Ukaing'oa, njia ikabaki huyu, na miguu yake kwa simiti. Na leo mmemwagia maji. Angekufa mkiimba."

Mama Kathini akakaa chini. Kasyoka akabadilisha waya, akakizika tena kile chuma, akakifunga. Ndinda alilia wazi, kwa hasira na kwa furaha, akamchukua mwanawe. Mtoto akapiga ukelele, akajirusha kwa baba yake.

"Amechoka tu," Mwau alisema.

Kanyiva akaja na machozi. "Unisamehe, mwana wangu." Akamshika mkono Ndinda, na papo hapo akaanguka nyuma, vidole vimekakamaa.

Kasyoka alitoa testa yake, ile bisibisi yenye kitaa kidogo ndani kinachowaka kikigusa stima, akaigusisha taratibu kwenye kifundo cha mkono wa Ndinda.

Kitaa kikawaka.

Fundi akageuka kutazama swichi kuu. Ilikuwa bado chini, imezimwa.